Volti Kumi na Mbili za Mwalimu wa Sironga

Siku ya kwanza kazini sikugusa hata nati. Mwenye gereji, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Kisii na aliyekijua Kigusii cha sokoni kunishinda mimi mtoto wa Marani, alinikalisha mbele ya gari bovu akaniambia, "Fuata waya kwa macho mpaka mwisho. Mkono utakuja baadaye." Nilifuata waya kwa macho wiki mbili nzima, nimekereka, maana nilikuwa na cheti na nilijiona fundi kamili.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini alinihamishia tawi lake la Nyamira, niwe fundi mkuu wa umeme wa magari. Cheo kilikuwa kikubwa, ila fundi wa umeme pale nilikuwa peke yangu.

Huko ndiko alikonipata Mwalimu Mkuu mmoja mstaafu wa Sironga na kigari chake cha kale. Kilitumia umeme wa volti sita, kama magari mengi ya zamani, na asubuhi za baridi stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, ilikoroma kidogo ikanyamaza. Kila Sabato gari lilisukumwa, nyumbani na hata nje ya kanisa. Mkewe, mama mwenye magoti mabovu, alilazimika kushuka kwenye matope ili gari liwe jepesi. Mwishowe akasema hashuki tena, atasalia nyumbani. Mwalimu alikuja kwangu na aibu ya mtu aliyeshindwa kumfikisha mkewe kanisani.

"Libadilishe, liwe kumi na mbili kama mengine," aliniambia.

Watu hudhani kazi hiyo ni kubadilisha betri tu, na dhana hiyo imenichosha maisha yangu yote. Niliweka dainamo mpya ya kuchaji na katauti yake, kile kikasha kinachozuia chaji isizidi. Nikabadili koili inayozalisha cheche za plagi, honi, na balbu zote mpaka ile ndogo ya dashibodi. Stata niliiacha, kwa kuwa nyaya zake ni nene na huvumilia ukiipiga sekunde chache tu. Betri mpya niliikaza mahali pake, chini ya kiti cha nyuma. Kisha nikamfungia Mwalimu balbu zake za zamani kwenye gazeti, nikampa. Hapo nilikosea, kwani kwetu mtu mzima hatupi kitu kizima.

Siku ya tatu akarudi amenuna. Alikuwa amezirudisha balbu za zamani, moja moja, kwa bisibisi yake mwenyewe.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Zilikuwa nzima. Na wewe ulisema moto umekuwa mara mbili. Nikaona zitang'aa mara mbili."

Ziling'aa kweli, kufumba na kufumbua, zikaungua zote. Nilishika kichwa. Huyu ndiye aliyewafundisha watu hesabu miaka thelathini.

"Tena mke wangu alikuwa pale anatazama," akaendelea. "Sasa amekataa kupanda. Anasema hawezi kukalia moto."

Bosi alikuwepo siku hiyo. Aliniita kando.

"Ulimwelezaje mteja?"

"Nilimwambia nimemwongezea moto, bosi."

"Na yeye akamwambia mkewe kwa lugha gani?"

Gerejini umeme ni moto, na betri iliyokwisha haina moto. Mwalimu alilifikisha neno hilo nyumbani kwa Kigusii, omorero, na omorero ni ule wa jikoni.

"Nenda Sironga ukaliondoe hilo neno," bosi akasema.

Nilienda nikinung'unika njia nzima, maana sikusomea kubembeleza wake za walimu. Nilimkuta Mama akimenya ndizi. Nikainua kiti cha gari, nikaweka viganja vyangu juu ya betri, nikamwomba ashike. Alianza na ncha ya kidole, kisha kiganja kizima.

"Mbona ni baridi?"

"Ni baridi, Mama. Moto ni jina letu mafundi."

"Basi tafuteni jina lingine. Mnatutisha bure."

Sasa nimestaafu. Vijana wana mashine ya kuwasomea gari, lakini bado wanamwambia mteja wamemwongezea moto, halafu wanamlaumu akifanya kitu cha ajabu. Inaniudhi, na nawaambia. Wakiniuliza ni kazi gani niliyoipenda kuliko zote, wanategemea niwatajie lori au basi.

Nawaambia juu ya Sabato iliyofuata, nilipokwenda kusali Sironga makusudi. Mwalimu aliegesha mbele ya kanisa, Mama akiwa ameketi nyuma, viatu vyake vikavu. Hakushuka. Alimwambia mumewe azime injini, kisha awashe tena. Mwalimu akazima, akawasha, ikaitika mara moja. Wanaume waliozoea kusukuma walikuwa wameshakunja mikono ya mashati. Mama akawatazama dirishani.

"Ingieni mkaimbe," akawaambia. "Leo hamna kazi hapa."