Pasi ya Rurambo

Siku ya kwanza sikugusa mpira hata mara moja. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka Kilibula kwa miguu na viatu vya kuazima vilivyonibana vidole, na moyoni nilikuwa na hakika kwamba siku hiyo watu wataona maajabu. Kocha alinishika bega, akanipeleka hadi katikati ya kiwanja, akaniambia nisimame. Asubuhi alikuwa mwalimu wa darasa la sita, mpole, mwenye chaki mikononi. Jioni alivaa filimbi shingoni na hapo hukumjua tena.

“Weye iko unaona nini?” akaniuliza.

“Naona kiwanja, Kocha.”

“Kiwanja iko chini ya miguu, kila muntu anakiona. Geuza shingo. Ku mulima kuko nini?”

Nikageuza shingo upande wa magharibi. Kiwanja chetu kilikuwa ufukweni kabisa, chini ya mtaa wa Mulongwe, hapa Uvira, kimelala kati ya mlima na ziwa. Juu mlimani palikuwa na kidonda cheupe, mahali udongo ulipoporomoka zamani.

“Naona ile fasi nyeupe, Kocha.”

“Bon. Ile fasi ikikutazama wima, ujue uko katikati. Na ku ziwa?”

“Maji tu.”

“Na upepo?”

“Iko unanipiga ku shavu.”

“Basi, kazi yako ya leo iko hiyo. Geuza shingo mpaka nikuambie acha.”

Nikageuza shingo saa moja na nusu, mlimani, ziwani, mlimani, ziwani, huku wenzangu wakikimbia na kucheka. Kabla jua halijazama nilikuwa nimeshapewa jina la Shingo. Jina langu la ubatizo leo wanalijua padri na mke wangu tu, na hata mke wangu hulisahau.

Ninyi vijana mnaoangalia mpira kwenye simu huniuliza namba sita alikuwa anafanya nini. Namba sita ni yule anayesimama mbele ya mabeki na nyuma ya watu wote wengine. Hafungi magoli, hakuna anayemwimba. Kazi yake ni kupokea mpira mahali penye watu wengi na kuutoa pale kabla hawajamvunja mguu. Ili ufanye hivyo lazima ujue nani yuko nyuma yako kabla mpira haujakufikia, ndiyo maana Kocha alisema kazi hiyo imo shingoni, miguu inafuata. Nilikaa benchi msimu mzima kabla sijakubali kwamba alisema kweli.

Sasa niwaeleze jambo moja ambalo sijalikuta kwa timu nyingine yoyote. Siye hatukuwa na kulia wala kushoto. Tulikuwa na Mlima na Ziwa, na ndivyo tulivyoitana tukiomba pasi. Winga wa Ziwa alicheza upande wa maji, na baada ya mapumziko, timu zikibadilishana magoli, alibaki palepale upande wa maji. Sababu yake ilikuwa rahisi. Tulikuwa na mpira mmoja tu, mpira ukiangukia ziwani lazima mtu aogelee kuufuata, na si kila mmoja wetu alijua kuogelea. Kwa hiyo upande ule alipewa Wilondja, mtoto wa wavuvi, ambaye majini alikuwa nyumbani kuliko nchi kavu. Siku moja aliurudisha mpira huku kiboko ametoa pua hatua chache kutoka pale alipokuwa. Mechi ilisimama, wachezaji wa timu zote mbili wakamwombea kila mtu kwa dhehebu lake. Alipotoka majini akaurusha, akacheza hadi mwisho huku anadondoka maji.

Mimi na Wilondja tulicheza pamoja miaka minane hadi tukafikia mahali ambapo hata sasa nikipafikiria nashangaa. Nilikuwa napiga bila kumwangalia. Upepo wa alasiri ulinigusa shavu, nikajua ziwa liko wapi, na palipo ziwa ndipo alipo Wilondja. Mguu ulifanya wenyewe. Kocha ndiye aliyenifundisha, jioni baada ya jioni, amenifunga kitambaa machoni, anapiga filimbi na mimi natoa pasi gizani. Tuliiita pasi kipofu. Watu wa Mulongwe walikuja na viti vyao kuitazama. Mungu anaweza kuweka vitu vya ajabu ndani ya mguu wa fundi wa matofali, maana asubuhi nilikuwa mwashi, mpira haukunilisha.

Mwaka wa nane ndio mwaka wetu. Zilibaki dakika tisini tupande kutoka ligi ya mji kwenda ligi ya mkoa, jambo ambalo timu yetu haikuwahi kuliona. Mechi ilikuwa Rurambo, kwa wafugaji wa juu, na sare tu ilitutosha. Prezida wa timu, mfanyabiashara wa vitenge ambaye hata salamu alitoa kama hotuba, alitukusanya akasema, “Banangu, mukirudi na sare, Uvira nzima haitalala.” Kocha hakusema mengi. Yeye alikuwa ameungoja mwaka huo tangu ana nywele nyeusi.

Tulipanda mlima tangu alfajiri. Sijasahau kiwanja kile. Walifukuza kwanza ng’ombe, halafu tukaona kwamba kimeinamia upande mmoja, goli moja juu, goli jingine chini ukingoni. Na nyuma ya goli la chini, mbali sana, lilikuwa ziwa letu lote linang’aa. Nilisimama nimeduwaa. Nilikuwa nimeishi kando ya maji yale tangu kuzaliwa na sikujua kwamba ni makubwa namna ile, wala mazuri namna ile.

Kocha akatuita. “Leo hakuna Mulima, hakuna Ziwa. Huku ziwa iko nyuma ya goli. Museme kulia na kushoto sawa batoto ba masomo. Shingo, umesikia?”

“Nimesikia, Kocha.”

Nilisikia kweli. Kipindi cha kwanza nilikuwa mwangalifu kama mtu anayebeba mayai. Kipindi cha pili tukahamia kulinda goli la chini, lile lenye ziwa nyuma yake. Wafugaji wale walikuwa na mapafu yasiyochoka, na hewa ya kule juu ilikuwa inatukataa. Bado hatukufungwa. Zikabaki dakika chache, mwamuzi ameanza kuangalia saa. Nikapokea mpira katikati, watu watatu wakanijia. Na hapo upepo ukapanda kutoka bondeni ukanigusa shavu, na pembeni ya jicho nikaona maji yanang’aa.

Mguu ulifanya wenyewe.

Niliupiga vizuri sana, ndilo jambo linaloniuma. Ilikuwa pasi safi kuliko zote za mwaka ule. Mpira ulikwenda palipo ziwa, kwenye mteremko, ukiongeza mbio, kuelekea goli letu wenyewe. Kipa wetu alikuwa ametoka mbele ananiomba mpira kwa mkono. Alipogeuka ulikuwa umeshampita. Nakumbuka nilivyogeuza shingo kumtafuta Wilondja na kumkuta upande mwingine kabisa, amenyoosha mkono, mdomo wazi.

Tulifungwa moja bila. Watu wa Rurambo hawakutucheka. Walituletea viazi vya moto na maji ya kunywa, na mama mmoja alinipa pole kama vile nimefiwa. Prezida ndiye aliyenisogelea amenyoosha kidole.

“Shingo, umetuuza? Sema! Benyewe ba huku balikuita lini?”

“Muache,” Kocha akasema. “Muache akunywe mayi.”

Hayo ndiyo maneno yake yote. Njia nzima ya kushuka hakunitazama. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Kesho yake mazoezini hakusema neno, na wiki iliyofuata hakusema neno, na kitambaa cha machoni sikukiona tena. Mtu aliyeungoja mwaka ule maisha yake yote alikuwa amenipa miguu yake nimpelekee juu, nami nikaiangusha. Nilijua hivyo, na nilijua kwamba naye anajua.

Nilikimbia. Sina neno lingine. Nilikwenda kucheza misimu miwili kwa timu ya uwanda wa Ruzizi, chini ya kocha mwingine, sajini mstaafu aliyeamini kwamba dawa ya kila kitu ni kukimbia. Huko nilijifunza kucheza bila upepo na bila kidonda cha mlima. Nilikuwa mchezaji mzuri zaidi huko, nasema bila aibu, kwa sababu nilikuwa naangalia kwa macho. Lakini jioni nilikuwa namsikiliza Kocha ambaye hayupo.

Msimu wa tatu nikarudi Uvira, nikasimama kando ya kiwanja bila kujua niseme nini. Kocha aliniona, akaendelea na kazi yake. Mwisho wa mazoezi akatoa mfukoni brasa, ile tepe ya mkononi ya kapiteni, akanirushia, akaenda zake. Nilikuwa kapiteni miaka sita. Tulikula pamoja, tulizika watu pamoja, alisimamia ndoa yangu. Tulizungumza kila kitu chini ya jua. Rurambo hakuitaja hata siku moja, nami sikuthubutu. Ligi ya mkoa hatukuigusa tena. Goti langu la kulia lilipokataa, nilivua viatu nikavipeleka nyumbani, na siku hiyo pia alinishika bega tu.

Miaka mingi ikapita. Nilijenga nyumba za watu, nikazeesha mgongo. Halafu ziwa likaanza kupanda. Ninyi mliliona, sina haja ya kuwaeleza. Lilikula njia, likaingia nyumba za ufukweni, watu wakahama na milango yao mabegani. Na siku moja nikashuka kuangalia nikakuta kiwanja hakipo. Palikuwa na maji tu, matulivu, na boriti ya juu ya goli moja imetokeza kidogo, ndege mweupe amekaa juu yake anajisafisha. Nilivua kofia. Sikuweza kukasirika. Maji yale tuliyokuwa tunayaita kila jioni, mara mia, Ziwa! Ziwa!, mwishowe yalikuwa yameitika.

Nilimweleza Kocha. Siku hizi yuko kwa binti yake Kilibula, amekaribia miaka themanini, na macho yake huona mwanga na vivuli basi. Akanisikiliza, akasema, “Munipeleke.”

Wilondja alileta mtumbwi wake alasiri. Tulimbeba Kocha tukamkalisha kati, mimi mbele, Wilondja nyuma na kasia. Tukapita kando ya boriti ile, ndege akaruka. Chini yetu palikuwa na jasho letu lote, na juu yake samaki wadogo wanapita makundi makundi.

“Shingo,” Kocha akasema. “Utupeleke katikati.”

Nikatazama mlimani. Kidonda kimeota majani pembeni, lakini bado ni cheupe. Nikamwelekeza Wilondja kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo, hadi kikanitazama wima.

“Tumefika, Kocha.”

“Geuza shingo. Ku mulima kuko nini?”

“Maji, mpaka ku njia.”

“Ku ziwa?”

“Maji.”

“Na ku goli yetu?”

“Maji, Kocha.”

Aliingiza mkono ziwani hadi kwenye kifundo. “Batu banasema minye nilikukasirikia,” akasema. “Hapana. Ni nani alikufunga kitambaa? Ni minye. Ni nani alikufundisha kupiga bila kuangalia? Ni minye. Ule mupira ulitoka ku mguu wako, lakini ulikuwa wangu. Nilikuwa na haya, Shingo. Kila siku nilisema kesho nitamwambia, na kesho ikapita.”

Nilikuwa nimebeba jiwe lile miaka zaidi ya thelathini nikidhani ni langu peke yangu, kumbe tulikuwa tumelishika wawili, kila mmoja upande wake.

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa analia. Alikuwa anacheka.

“Basi piga sasa,” akasema. “Ile pasi ya Rurambo, uipige leo. Leo hata ukafunga macho huwezi kukosa. Pande zote iko ziwa.”

Nyuma yangu kasia likanyamaza. Nikasikia Wilondja anaita kwa sauti ileile ya zamani, “Ziwa! Shingo, Ziwa!” Na mimi, mzee wa goti bovu niliyeketi ndani ya mtumbwi, sikuhitaji kugeuka. Upepo ulikuwa shavuni, na mguu wa kulia ulikuwa umeshajikunja.