Moyo Mkubwa wa Badria

Ukigombana na mwanamke muuza kanga, umekwisha. Hana haja ya kukutukana. Anatafuta doti yenye maneno yanayokuhusu, anajifunga, anapita mbele yako taratibu, na mtaa mzima unasoma. Badria wa Kariakoo ni fundi wa mchezo huo. Wanawake wanatoka Magomeni na Temeke kuja kumweleza ugomvi wao, na kabla hawajamaliza, mkono wake umeshafika kwenye rafu. "Vaa hii, pita mbele yake. Usiseme neno."

Basi mganga naye akaugua. Shamsa, shoga yake tangu wakiwa wasichana, ambaye fremu yake imepakana na ya Badria, aliwanong'oneza wateja kwamba kanga za Badria zinachuja. Kwa muuza kanga hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Badria akaenda moja kwa moja kwa Mzee Abdulatif, mkubwa wa wafanyabiashara wa safu ile, na mzee akaagiza beseni la maji na sabuni. Kanga ya Badria ikalowekwa mbele ya watu. Ikasuguliwa, ikakamuliwa. Maji yakabaki meupe. Watu wote wakamgeukia Shamsa, na Shamsa akatazama chini.

Badria alishinda, jamani. Alishinda hata wauza maji barabarani wakampa hongera. Lakini alipofika nyumbani Ilala, ushindi ule haukumeremeta tena. Amsimulie nani? Mambo matamu kama hayo miaka yote alimsimulia Shamsa. Ukweli ni kwamba alimtaka rafiki yake arudi, ila hakujua aanzie wapi.

Pa kuanzia akadhani amepapata darasani. Jioni Badria husoma Kiingereza kwenye chumba cha ghorofani, juu ya duka moja la vyombo, kwa sababu wateja wa Zambia na Malawi wanaongezeka, na kuzungumza nao kwa vidole kumemchosha. Siku hiyo Mwalimu Rogath, mtu wa Moshi asiye na haraka, aliandika ubaoni neno refu kama treni ya mizigo: magnanimous.

"Ni mtu mwenye moyo mkubwa," alisema mwalimu. "Lakini msilimwage tu kwa kila mpole. Aliyeshindwa akanyamaza, huyo hana jinsi. Neno hili ni la aliyeshinda. Ana uwezo wa kumkanyaga mwenzake, halafu anaacha."

Badria moyo ulimruka. Si mimi huyo! Mwalimu akaendelea kueleza kwamba hilo ni neno la hotuba na vitabu, humwambii muuza nyanya kwa kuwa amekuongezea moja. "Na hulisemi juu yako mwenyewe. Subiri wengine waliseme." Hayo ya mwisho Badria hakuyatilia maanani. Akili yake ilishakimbilia dukani, inapekua kanga.

Kesho yake akaitoa: NIMESHAKUSAMEHE, MOYO WANGU HAUNA KINYONGO. Akaifukiza udi, akaikunja vizuri, akawaita majirani waje washuhudie jambo la heri, akampelekea Shamsa dukani kwake. Vigelegele vikapigwa. Shamsa akaikunjua, akasoma kimya, akaikunja tena.

"Ahsante, Badria," alisema. "Juzi ulinilowesha kwenye beseni. Leo umekuja kunianika." Akaiweka kanga mikononi mwa mwenyewe, akarudi ndani.

Loh! Shukrani ya punda mateke! Badria alinung'unika kutwa nzima. Jioni akamweleza Mwalimu Rogath yote, darasa zima limetega masikio, akamalizia, "Sasa Mwalimu, magnanimous si ndiyo mimi?" Filbert, fundi simu anayekaa dawati la nyuma, alicheka mpaka akashika meza. Mwalimu hakucheka.

"Dada Badria, ukiisoma hiyo kanga, mkosaji ni nani?"

"Shamsa."

"Na mwema?"

"Mimi," alisema Badria.

"Na waliosoma walikuwa wangapi?"

Alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima aliona aibu. Aliona kwamba kanga ile ya msamaha ilikuwa kijembe kama vijembe vingine, tena kikali zaidi, kwa kuwa Shamsa asingeweza hata kukijibu. Maisha yake yote amejua kuchagua neno la kumchoma mtu. Kutenda wema bila kuutangaza hakuwahi kujifunza popote.

Siku chache zikapita, wawili hao hawasalimiani. Akaja mama mmoja kutoka Bagamoyo anayetafuta sare ya harusi ya ukoo mzima. Badria alikuwa nazo za kutosha. Yule mama akainamisha kichwa, akasema chini chini, "Huyu wa pembeni nasikia ni mwongo, eti?"

Safari hii hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia jibu la Badria.

"Hapana, mama. Kanga zake nzuri, na kwa sare za harusi safu hii hakuna anayemfikia. Ingia kwake. Ila tafadhali usimwambie kama nimekutuma mimi."

Shamsa aliuza mpaka akaishiwa mifuko. Jioni, watu wakifunga maduka, akatoka na ufagio wake akasimama katikati ya ujia.

"Mungu hamtupi mja wake!" akasema kwa sauti. "Wengine mlishanisomea hitma! Leo harusi nzima imevaa kwangu, na wenye kanga zisizochuja wamekaa wanafukuza nzi!"

Watu wakaguna, macho yote kwa Badria. Ulimi ulimwasha. Jibu alikuwa nalo mdomoni: mimi ndiye niliyemleta. Akilitoa tu, Shamsa ataangalia chini mara ya pili, mbele ya watu walewale. Badria akalimeza, likashuka kama mwiba wa samaki, na machozi yakamlenga.

"Hongera, Shamsa," alisema. "Umestahili."

Shamsa akabaki amesimama, akisubiri kijembe. Hakikuja. Kisha akainama, akafagia mbele ya duka lake, na alipofika mpakani hakusimama, akaendelea kufagia mbele ya duka la Badria.