Miwani ya Koko Veronika

Nilipokuwa mtoto pale Murara, mtaa mmoja wa Goma, watu waliamini kwamba mulozi, yaani mchawi, akizeeka nguvu zake hupanda machoni, na kwamba jicho la namna hiyo linaweza kuchoma nyumba ya mtu bila kiberiti. Sijui kama mimi niliamini. Nilichojua ni kwamba tulipokutana njiani na wazee fulani tulitazama chini. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja watoto wenzangu wangetazama chini mbele ya bibi yangu.

Tulimwita Koko, kama watoto wengi wa Goma wanavyomwita bibi yao. Alikuwa mama yake papa, yaani baba yangu. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu, akapasuliwa hospitalini, na baada ya hapo akapewa miwani yenye vioo vinene, vilivyotuna katikati. Bila miwani hiyo aliona mwanga na vivuli tu. Akiivaa, macho yake yalionekana makubwa kupita kiasi. Sisi wajukuu tulicheka, naye akacheka pamoja nasi.

Kiangazi kimoja, mchana, alikuwa ameketi uani akizungumza na jirani yetu, Mama Solanje. Alivua miwani apanguse jasho, kisha akabaki ameishika juu ya mapaja huku akiendelea na maneno. Ghafla Mama Solanje akaruka.

"Koko, kitenge chako kinatoka moshi!"

Koko alijipigapiga mapajani, akapapasa mpaka kidole chake kikapata tundu dogo lenye joto. "Ee, jua ya leo ni kali," akasema, na kucheka. Mama Solanje hakucheka. Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika bombani, na kutoka bombani ilienda kila mahali.

Haukupita muda mrefu nyumba ya Mama Solanje ikaungua. Ilikuwa alfajiri, bado giza. Nyumba zetu zilikuwa za mbao, zimesimama juu ya mawe meusi ya volkano, na mbao ikishika moto hakuna wa kuuzuia. Watu wote walikimbia na ndoo. Mama Solanje alitolewa, mtoto wake Moize hakutolewa. Alikuwa ameanza tu kutembea, na alizoea kuja kwetu kuomba maharage. Nakumbuka mama yangu akirudi na ndoo tupu, masizi mpaka viwikoni, akikaa chini.

Baada ya maziko, vijana walikuja kwetu, na nyuma yao mtaa mzima. Papa hakuwepo, alikuwa amekwenda Vitshumbi kununua samaki. Walimtoa Koko nje, na mmoja wao akamvua miwani usoni.

"Leo tutaona kama ni jua ao ni bulozi."

Alitandaza karatasi ya mfuko wa sementi juu ya jiwe, akashika miwani juu yake, akaishusha na kuipandisha. Mwanga ulijikusanya ukawa kitone kidogo cheupe kisichotazamika. Karatasi ikafanya weusi, ikatoa moshi, ikatoboka. Nilisikia watu wakivuta pumzi kwa pamoja.

"Nyumba iliungua jua haijatoka!" mama alipiga kelele. "Wote mulikuwa pale! Kulikuwa giza!"

Hakuna aliyemgeukia.

Ndipo Mwalimu Kambale akajipenyeza katikati ya watu. Alifundisha shule ya msingi, alikaa ng'ambo ya njia, na watu walimheshimu. Naye alivaa miwani.

"Bandugu, muniache niwaonyeshe," akasema. "Hii ni kazi ya kioo tu. Hata yangu itachoma."

Akaivua, akaishika juu ya karatasi ileile. Tukangoja. Vioo vyake vilitupa kivuli tu, na katikati ya kivuli hapakuwa na kitone chochote. Akapandisha, akashusha, akageuza. Jasho likamtoka.

"Mungoje kidogo," akasema. "Mungoje."

Mama Solanje alikuwa amesimama pale muda wote, kichwa kimefungwa kitambaa cha msiba. Hakupaza sauti.

"Ya mwalimu haichomi," akasema. "Ya huyu mama inachoma. Munatafuta nini ingine?"

Mwalimu akarudisha miwani yake usoni. Vijana wakasema Koko ahame mtaa, wakaiweka miwani yake juu ya jiwe na kuiponda kwa jiwe jingine. Koko alisikia mlio, lakini hakujua ni wa nini.

"Munipatie lunete zangu," akasema, mkono ameunyoosha mbele. "Munipatie tu, nitaenda."

Mama akaushusha ule mkono taratibu, akamshika. Siku hiyohiyo alimpeleka Kibumba, juu milimani, kwa kaka yake Koko, juu ya gari lililokuwa likirudi kuchukua kabichi. Papa aliporudi alitafuta miwani nyingine kila mahali, lakini kabla hajaipata mvua zilianza, na kule juu kuna baridi. Koko alifia huko. Waliokaa naye walisema mle ndani gizani alikuwa akiuliza mara kwa mara kama kumekucha.

Nimekuwa mtu mzima, na mimi pia macho yamenisumbua, vitu vya mbali sivioni vizuri. Kijana aliyenipimia miwani alinieleza nilipomuuliza. Vioo vya mtu aliyepasuliwa macho vinatuna katikati na kukusanya mwanga mahali pamoja, ndiyo maana vinaweza kuchoma. Vya mtu asiyeona mbali vimebonyea katikati, vinautawanya. Ukivishika juani mpaka jioni havitachoma hata unyasi. Nilitoka nje nikajaribu yangu juu ya kiganja changu. Nilipata kivuli, kama kile cha Mwalimu Kambale. Alikuwa amesema kweli, ila alikuwa na kioo kisichofaa.

Nilikwenda kumweleza mama. Nilidhani nimembebea kitu kikubwa. Alinisikiliza akimenya viazi.

"Na kama ya mwalimu ingechoma," akauliza, "wangemuacha Koko?"

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi tangu hapo, na kila mara ninaona nyuso za wale watu uani kwetu, watu waliotoka kuzika mtoto. Nadhani wangewafukuza wote wawili.