Jina Tulilokuwa Tukiliombea

Alhamisi za utoto wangu zilinukia simsim. Kabla ndugu wa ushirika hawajaanza kufika nyumbani kwetu, kando ya njia itokayo Malaba kwenda Chakol, Sista Najla alikuwa tayari jikoni kwa Mama akikaanga simsim kwenye kikaango kikavu, akiikoroga kwa mwiko mpaka itatarike na kutoa ile harufu inayomfanya mtu ameze mate bila kupenda. Kisha alikanda unga, akausukuma mwembamba, akaupaka mafuta kidogo, akaunyunyizia zile mbegu na kuuoka juu ya sufuria iliyopinduliwa kwenye makaa. Mama alimcheka, akamuuliza ni mkate gani huo wa kuokwa mgongoni mwa sufuria. Sista alimjibu kwa Kiswahili chake alichookota Uganda, "Nyabo, kula kwanza, cheka baadaye." Tulikula, na kicheko kikaisha. Siku alipogundua kwamba sisi pia tunaiita simsim kama walivyoiita kwao, alizishika mbegu kiganjani akazitazama mpaka kikaango kikaanza kutoa moshi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, labda kumi, na kazi yangu ilikuwa kupuliza makaa.

Wauguzi wote tuliwaita Sista, na huyu alikuwa mkunga katika zahanati ndogo ya kanisa letu. Alizaliwa Palestina, katika mji wa Lida. Baba, aliyekuwa fundi wa cherehani, mzee wa kanisa na kiongozi wa ushirika, hakuamini alipolisikia jina hilo. Alifungua Biblia yake kwenye Matendo ya Mitume, pale Petro alipomponya Ainea aliyepooza, akaweka kidole juu ya neno na kumuuliza, "Hapa ndio kwenu? Hapa hapa?" Sista akasema, "Ndiyo, mzee. Hapo hapo." Basi Baba akawa hasikii haambiwi. Kila mteja aliyekuja kupimwa suruali aliambiwa kwamba kanisa letu lina mtu aliyetoka ndani ya Biblia, na kwamba jamaa zake walimfuata Yesu kabla Mzungu yeyote hajapata habari zake. Alijivuna naye waziwazi, na mimi nilijivuna kwa sababu Baba alijivuna.

Wakubwa walipotaka kusikia habari za Lida walitaka kusikia za Petro. Sista aliwaeleza za kwao. Alisema kwamba alipokuwa msichana, wanajeshi waliingia mjini wakawatoa watu majumbani, Wakristo na Waislamu pamoja, wakaambiwa watembee. Jua lilikuwa kali na maji hayakuwepo. Alimbeba mdogo wake Butros, mtoto mchanga bado, na mama yao alipoanguka njiani yeye aliendelea na mtoto begani. Nyumba yao ilikaliwa na watu wengine. Baadaye alisomea uuguzi, akapata kazi katika hospitali ya misheni Uganda, na huko nako mambo yakaharibika. Askari walimchukua daktari wa hospitali hiyo mchana kweupe, na Sista akaenda kambini kwao kuuliza yuko wapi. Aliuliza mara moja tu, halafu mfagizi mmoja akamwonya kwamba jina lake limeshatajwa. Akavuka mto na wanawake waliokuwa wakija upande wetu kutafuta chumvi na sabuni. Kurudi Uganda, kwake, ilikuwa kwenda kufa, na hakuna mtu wa ushirika wetu asiyelijua hilo.

Alikuwa na msimamo wake juu ya amani, na ulituchosha. Kanisani kwetu kulikuwa na desturi kwamba kabla ya meza ya Bwana, waliokosana wanaitwa mbele na kupeana mikono. Mjane mmoja Mteso alikuwa amenyang'anywa kipande cha shamba na jirani yake, ambaye alihamisha ua wa katani hadi karibu na mlango wa yule mama. Baba aliwaita wote wawili wapeane mikono. Jirani alinyoosha wake haraka sana, akitabasamu. Sista akasimama kwenye benchi la wanawake akasema, "Mzee, ua ule bado uko pale. Mkono huu ni wa kufunika kidonda kikiwa na usaha. Mimi nafunga vidonda kila siku, kwanza naosha." Watu waliguna. Baba akaahirisha meza ya Bwana mpaka ua utakaporudishwa. Na ulirudishwa. Sijawahi kumpenda baba yangu kama nilivyompenda Jumapili hiyo.

Ushirika ulikuwa jambo jingine, la watu wachache waliojiita waliookoka. Alhamisi jioni walijaa sebuleni mwetu, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya Mama, na kila mmoja alijiweka nuruni. Maana yake ni kwamba ulisimama mbele ya ndugu ukasema lililo moyoni mwako bila kulifunika: uliongeza bei, ulimpiga mke, ulivusha kahawa ya magendo. Ndugu walikusikia, wakakuimbia, wakakuombea, na neno lako lilibaki mle ndani. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya jambo zima. Mimi nilikaa sakafuni karibu na mlango wa jikoni nikijifunza kwamba mtu anaweza kusema baya lake lote na bado akapewa chai.

Alhamisi moja Sista Najla alijiweka nuruni. Alisema kwamba Butros, yule mtoto aliyembeba begani, alikuwa mtu mzima sasa na amejiunga na wapiganaji. Hakujua yuko wapi. Alisema hakubaliani naye, kwamba Kristo hakumfundisha mtu kuua, na kwamba kila siku anamwomba Mungu mikono ya ndugu yake isipate damu. "Lakini siwezi kumchukia," alisema. "Nimejaribu, nimeshindwa. Ninyi ni ndugu zangu, niombeeni yeye." Baba alilia. Nasema kweli, nilimwona akijifuta machozi kwa ncha ya koti. Tangu jioni hiyo Butros akawa wetu. Tulimwombea kila Alhamisi kwa jina lake, tukalitamka kila mtu kivyake, na ilifika mahali hata mimi nikiomba chakula nilimtia Butros humo kati ya ugali na mboga.

Mwaka 1976 ulianza kwa hofu. Rais wa Uganda alisema hadharani kwamba sehemu yetu ya Kenya ni mali yake, na watu wa mpakani wakaanza kulala na nguo zao zikiwa zimefungwa kwenye mabunda. Katikati ya mwaka redio ikatangaza kwamba ndege imetekwa na kupelekwa Entebbe, na kwamba miongoni mwa watekaji wamo Wapalestina. Baada ya mateka kuokolewa na Waisraeli waliopitia Nairobi, Wakenya waliokuwa Uganda wakaanza kuuawa, na waliobahatika walivuka Malaba na Busia miguu mitupu. Tuliwaona barabarani. Mwanamke mmoja alikuwa amebeba mlango wa kabati, na hakujua kwa nini alibeba mlango. Watu walitaka mtu wa kulaumiwa, na neno Mpalestina, ambalo jana lilikuwa la kujivunia, sasa lilisemwa kwa sauti ya chini Sista alipopita. Wapo wajawazito waliorudi kuzalia nyumbani. Yeye aliendelea kukaanga simsim siku za Alhamisi, ingawa waliokuja walipungua.

Siku moja mchana chifu alikuja zahanati na askari wake wawili. Mama alikuwa amenipeleka nifungwe kidole nilichojikata kwa jembe, kwa hiyo nilikuwepo, kidole changu kikiwa mkononi mwa Sista. Chifu hakuuliza mambo ya vibali wala ya Uganda. Alisema, "Wewe mama, una ndugu anaitwa Butros. Ni mtu wa bunduki." Sista alimaliza kufunga kidole changu, akakata kitambaa kwa mkasi, akaufunga ule mkasi taratibu. Jina hilo halikuwa limeandikwa popote. Lilikuwa limetajwa mahali pamoja tu duniani upande huu wa mto, na mahali hapo ni sebuleni kwetu.

Jioni hiyo nilimsikia Mama akimuuliza Baba waziwazi, mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ni wewe ulimwambia chifu?" Baba alikuwa ameshika mguu wa cherehani akiupaka mafuta. Akasema, "Niliulizwa. Chifu aliniita akaniuliza najua nini. Mtu ameokoka hawezi kusema uongo." Mama akasema, "Kunyamaza si uongo, Baba Nafula." Yeye akaendelea kupaka mafuta cherehani ambayo ilikuwa tayari inang'aa. Nilimwonea huruma. Nilidhani ameshikwa pabaya kati ya Mungu na serikali, na niliamini kwamba Jumapili atatengeneza.

Jumapili chifu alikuja kanisani, akavua kofia, akasimama mbele. "Mimi sina maneno mingi," alisema. "Huyu mama anasema yeye ni mtu yenu. Kama ni hivyo, mzee wa kanisa asimame hapa aseme kanisa inamsimamia, na mimi nitamwacha akae. Kama hakuna mtu, kesho anarudi kule alitoka." Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja tu. Wote tulimgeukia Baba, na Baba akasimama, nami nikakaza macho kwake nikingojea yule mtu aliyeahirisha meza ya Bwana kwa ajili ya ua wa mjane. Akasema, "Chifu, sisi ni watu wa kutii. Serikali ikisema, kanisa haiwezi kupinga." Mama aliinuka nusu kutoka kwenye benchi. Baba akasema, "Mama Nafula, kaa," na Mama akakaa. Halafu, Mungu wangu, akashuka akamwendea Sista na kumnyooshea mkono wa amani. Sista aliutazama. "Hapana, mzee," alisema. "Sema kwanza ulichofanya." Baba alibaki na mkono wake hewani. Sista akageuka akatazama mabenchi yaliyojaa watoto aliowapokea kwa mikono yake, na mama zao wakajifanya wanatafuta kitu kwenye Biblia.

Kesho yake Mama hakunipeleka shule. Tulikwenda mpaka darajani Malaba, tukiwa na chumvi na sabuni kwenye kitambaa kwa kuwa upande ule havikupatikana. Malori ya mafuta yalikuwa yamesimama mstari mrefu, madereva wamekaa kivulini chini ya magari yao. Askari alimruhusu Mama amkumbatie. Kisha Sista Najla akainama, akakagua kidole changu, akasema kimepona vizuri. "Nafula," aliniambia, "ukiomba, usitaje majina ya watu kwa sauti." Akavuka daraja na mkoba wake wa ukunga, na upande wa pili watu wenye sare wakamzunguka. Mpaka leo sijui alifika wapi, na nimeuliza kila mahali ambapo mtu anaweza kuuliza.

Nimekuwa mzee sasa. Kanisa letu lina vioo vya rangi na vipaza sauti, na kila mwaka kundi la waumini husafiri kwenda Nchi Takatifu wakiwa wamevaa fulana za aina moja. Hurudi na chupa za maji ya Yordani. Niliwahi kumuuliza mmoja wao kama walikutana na Wakristo wa huko, wenyeji, akaniambia kiongozi wa msafara hakuwataja. Vita vya huko vikisikika redioni tunaombea amani, tunapeana mikono, tunakwenda nyumbani. Ushirika bado unakutana, nami huenda, lakini sijawahi kujiweka nuruni hata siku moja. Ndugu hudhani mimi ni mwenye haya. Baba nilimsamehe, au niliona nimemsamehe, kwa sababu ya lile jibu lake. Aliulizwa, na hakuweza kusema uongo. Mama naye aliishi na jibu hilo miaka yote, akampikia na kumfulia, akiamini kwamba aliolewa na mtu mwoga lakini mkweli.

Tulimzika Baba mwaka juzi. Watu walikuwa wengi, na kila mmoja alimwita mtu wa amani. Yule chifu, aliyestaafu zamani na sasa anatembea kwa kushikwa mkono, aliomba kipaza sauti. "Huyu mzee alikuwa mzalendo," alisema. "Wakati ule wa maneno ya ndege, mimi sikujua kitu. Sikumwita, sikumuuliza. Alikuja mwenyewe kwangu na baiskeli asubuhi, hata chai sijakunywa, akanieleza yote mpaka jina ya yule ndugu ya Sista. Akaniomba nisimtaje. Leo amelala, wacha nimtaje." Watu walipiga makofi. Mimi hasira niliyodhani imekufa ilinirudia, kwa sababu nilikuwa nimemsamehe mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Mama alikuwa amekaa kando yangu. Masikio yake hayasikii vizuri siku hizi. Aliniinamia akauliza, "Chifu amesema nini?"

"Hakuna kitu, Mama," nilimwambia. "Amemsifu tu."