Farasi Asirudishwe Nyuma

Mzee Bashir, jirani yangu hapa karibu na msikiti, Kitale, ana maneno machache kwa binadamu na mengi kwa farasi. Miaka ishirini na sita alitunza farasi wa mbio Nairobi, na aliporudi nyumbani na goti bovu alidhani amemalizana nao. Kumbe wapi! Mwaka jana Gathii, mkulima wa Moi's Bridge, alinunua farasi mstaafu aitwaye Meja, wa kubebea maharusi, akamwita Bashir awe anakwenda kumwangalia.

Harusi ya kwanza ilikuwa Bumula, na ndiyo ikawa ya mwisho. Meja alifika kanisani kama bwana mkubwa. Wakati wa kumtoa langoni wakamsukuma arudi nyuma, ndipo mguu mmoja wa nyuma ukapanda mpaka tumboni, ukakaa huko juu ukitetemeka, mkia nao umesimama. Bibi harusi alipiga mayowe. Mimi niliyeitwa kupika pilau niliacha sufuria nikakimbia kutazama. Huyu anasema majini, yule anakemea mapepo, na katikati ya kelele hizo Meja akashusha mguu akaanza kula maua ya pambo.

Jambo hilo likajirudia shambani mara tano. Gathii akasema basi, atamuuza kwa yeyote, hata mchinjaji anayeuza nyama ya kulishia mbwa. Bashir akaomba wiki mbili tu za kumtunza. Meja akaletwa uani kwake kwa lori, na wakati wa kumshusha mguu ukapanda tena, nusura aanguke.

Daktari Noah wa mifugo alitoka Bungoma akampima asubuhi nzima. Hakuona jeraha wala sababu. Alipokwisha kupanda pikipiki yake ndipo akapaza sauti: "Mzee, hiyo farasi isiludishwe nyuma! Ikiludishwa nyuma itateseka!"

Bashir alikuja kwangu akicheka peke yake. "Umesikia, Mama Naim? Daktari amesema asirudishwe kwa Gathii. Meja ni wa hapa."

Mtu alikuwa amepungua miaka kumi palepale. Tangu siku hiyo, kila baada ya swala ya alasiri, walipita mbele ya duka langu wawili, mmoja akichechemea, mwingine akitembea vizuri kabisa. Mguu haukupanda hata mara moja, na Bashir akasema ni hewa ya Kitale.

Wiki mbili zikaisha, lori likasimama langoni.

"Nimekuja kuchukua farasi yangu," Gathii alisema. "Nimepata mtu wa kununua."

Bashir akaziba lango kwa mwili wake mwembamba. "Haiwezekani. Daktari amekataza asirudishwe."

"Asirudishwe wapi?"

"Nyuma. Kwako."

Gathii akampigia daktari simu, akaweka spika. Noah alicheka mpaka akakohoa. "Ai bana, si nilisema isitembezwe kinyumenyume! Mbele hata ikienda Uganda, sawa tu!"

Dereva wa lori alicheka na mimi, nakiri, nilicheka. Kisha nikamwona Bashir usoni, nikaona aibu ya kicheko changu.

"Basi nimekosea," alisema polepole. "Ni wako, Mzee Gathii. Lakini kwa lori, hapana. Kushuka kwenye lori ni kinyumenyume tu. Nitamtembeza mwenyewe mpaka Moi's Bridge."

"Na goti hiyo?"

Bashir alikwisha kwenda kuvaa viatu vyake vya mpira. Alikuwa akilia waziwazi bila kujificha, huku akimfunga Meja kamba na kumweleza habari za njia: wapi lami imebomoka, wapi kuna majani matamu, wapi mbwa wakali. Sijawahi kumwonea mtu huruma kiasi kile.

Gathii akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akamwambia dereva afunge mlango wa lori.

"Mzee, hebu toa hizo viatu," alisema. "Si daktari alisema farasi isirudishwe?"

Bashir ni mkweli kupita kiasi. "Lakini alimaanisha kinyumenyume."

"Mimi nimesikia vile wewe ulisikia."