Vyuma vya Bamama wa Lweba

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mchomea vyuma hapa Baraka. Alikuwa na karakana ya mabati karibu na soko, na mdomo mkubwa kuliko karakana. Mimi nilimwandikia karatasi zake, maana yeye aliona kuandika ni kazi ya watu wasio na nguvu.

Kikundi cha bamama wa Lweba walimletea vyuma vyao wenyewe ili awatengenezee mashine ya kusaga mihogo. Kazi wakamlipa yote mbele, kabla hajaanza. Niliandika kontra, mkataba wa kazi: mashine iishe kwa mwezi mmoja. Akaitia sahihi bila kusoma, huku anapiga miayo.

Miezi minane ikapita. Mara jenereta imekufa, mara mafuta yamekosekana, mara barabara ya Uvira imekatika. Hata uongo hakuujua vizuri. Siku aliyosema barabara imekatika, malori kutoka huko yalikuwa yakishusha mizigo mbele ya karakana.

Mkubwa wa kikundi, mjane mmoja mwembamba, alikuja kwa miguu na karatasi yake mkononi.

"Papa, hapa iko imeandikwa mwezi moja."

"Mama, karatasi haisage mihogo," shemeji akajibu, akacheka peke yake.

"Basi utuonyeshe vyuma yetu."

Akasema viko kwa rafiki. Mimi nilijua viliko. Alikuwa amevitengenezea mlango wa ua wa tajiri mmoja, akalipwa, nami niliona, nikanyamaza. Dharau niliyo nayo kwake, sehemu yake inanistahili mimi pia.

Bamama wakapanda mpaka Fizi kushitaki mahakamani. Shemeji alienda tribinali amevaa koti lake la harusi. "Kuchelewa haifunge muntu," alituambia njiani, mimi na dada. Hakimu alikubaliana naye: kwa kuchelewa tu angelipishwa fidia. Lakini kuuza mali ya watu uliyoaminiwa, akasema, ni kosa la gereza. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyeona vyuma vilikoenda. Dada alinitazama, akatikisa kichwa kidogo. Nikasimama, nikasema yote.

Shemeji alilia. Alilia mbele ya bamama ambao nyuma ya migongo yao aliwaita wajinga wa mihogo, akasema kosa ni langu niliyeandika kontra vibaya.

Akawekwa ndani. Ukoo ukanunua vyuma vingine, bamama wakakubali mapatano, akatolewa ili amalize kazi. Ilimchukua siku tatu, mjane yule akiwa amekaa mlangoni anamwangalia. Siku tatu tu. Fidia ya kuchelewa nayo haikufutwa, na mashine yake ya kuchomelea ikauzwa kuilipa.

Dada hanisemeshi mpaka leo. Mume wake anachomelea kwa mashine ya kukodi, na anasimulia kwamba bamama walimwonea wivu. Wateja wake wanamsikiliza vizuri, lakini wanakuja na vyuma vyao asubuhi, wanakaa hapo hapo mpaka amalize, ndipo wanalipa.