Mafuta Yaliyobaki Sufuriani

Juzi nilisimama dukani Bukoba mjini, mbele ya rafu ya mafuta ya kupikia, nikashindwa kuchagua. Binti yangu alitaka tupike bisi nyumbani Kibeta, nami nilikuwa nazitazama chupa tu. Mwenye duka akanihurumia. "Dada, chukua alizeti. Mawese yatazipaka rangi, na samli itaungua kabla mahindi hayajapasuka." Bibi yangu alikuwa akisema hivyohivyo. Nililipa nikaondoka. Nilitegemea moyo ungeshtuka kidogo, lakini haukushtuka.

Bibi, mama yake baba, alikuwa mtu wa Muleba aliyeolewa Kashozi, na kwenye bisi hakutaka mchezo. Alizeti yake ilikaa kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Alitia kijiko kimoja cha mafuta na punje tatu, akasubiri. Ya kwanza ikipasuka ndipo alipomimina zilizobaki na kufunika kwa jani la mgomba, maana mfuniko wa sufuria ulipotea kabla sijazaliwa. Tulikula wawili, tumekaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, yeye akiwasema majirani mmoja mmoja. Kutwa nzima alikuwa shambani kwenye kahawa na migomba. Saa ya bisi ndiyo pekee niliyomwona amekaa.

Sasa, msimu wa senene, wale panzi wanaokuja na mvua. Kwetu enzi hizo ilikuwa mwiko mwanamke kuwala. Tuliwaokota asubuhi majani yakiwa bado na umande, tukawanyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vikauma, Bibi akawakaanga, kisha wakaliwa na babu na baba zangu wadogo. Senene hawahitaji mafuta mengi, wanatoa yao wenyewe. Bibi alikuwa akipima chumvi kwa macho, hata siku moja hakuonja.

Nilikuwa na miaka kama kumi siku alizeti ilipoisha. Bibi alikuwa amekwenda kusali kwenye jumuiya, na sufuria ya senene ilikuwa imebaki na mafuta yake chini, safi, yananukia kitunguu. Nikapikia bisi humohumo. Aliporudi nikamwekea bakuli lake.

"Mae! Leo umezipatia, waitu," akasema. "Umetia nini?"

"Alizeti, Bibi."

Alikula zote, akakung'uta bakuli kiganjani. Kisha akainuka kuosha vyombo, akaiona chupa imekauka. Aliigeuza juu chini, akanitazama, akairudisha mahali pake. Hakunichapa wala hakumwambia babu. Ila tangu siku hiyo hakula bisi tena. Alinipikia, akaniambia meno yanamuuma, huku akitafuna kahawa kavu kutwa nzima. Nikawa nakula peke yangu.

Nilikuwa mtu mzima, na yeye yuko kitandani anaumwa, nilipomwambia. Nilitaka anisamehe tukiwa bado hai wote wawili. Alinisikiliza amefumba macho.

"Nilijua," akasema. "Hukunikosea kwa kunilisha. Mjukuu wangu, tangu nikiwa msichana Muleba nilitamani kujua wanaume wanasikia ladha gani. Nimewakaanga senene miaka yote. Siku nimekula, ukanificha. Nikala nikidhani ni chumvi tu."

Nikamuuliza kama nimletee, tuwale pamoja. Akatikisa kichwa. Ulimi wake haukuonja kitu tena, hata chai kwake ilikuwa maji ya moto. Akaniomba nimgeuze upande wa ukutani.

Tulipomzika kule kwenye kibanja, kati ya migomba yake, sikulia. Shangazi zangu walinisema sana. Sasa nyumba ya Bibi, ya nyasi, haipo, imejengwa ya bati, na ule mwiko wa senene wenyewe umekufa kimyakimya bila mtu kuutangazia mwisho. Senene wanauzwa mjini kwenye vifuko, na wasichana wanawatafuna njiani wakicheka. Binti yangu hajui kama kuna wakati walikatazwa.

Nami huwa nanunua. Ningependa kukuambia kwamba nikiwatafuna nakula pamoja na Bibi, kwamba namwonjea. Nimejaribu misimu yote hii. Nasikia chumvi tu.